Mzinga wa Kukodi

Barua iliingia Jumatatu, kwa adabu zote:
leseni zenu saba zinakwisha mwezi huu.
Bei kwa dola. Sisi twauza asali kwa shilingi,
ndoo kwa ndoo, hapa Arua, nyuma ya kituo cha mafuta,
na dola haiulizi kama mwaka huu
mishea ilichanua.

Mama Candiru akavua miwani.
"Saba? Pamoja na ya Adriko, aliyeacha kazi Pasaka?"
Pamoja na ya Adriko.
Miezi yote hiyo tulimlipia mtu asiyekuwapo
kiti, dirisha, na kalenda tupu.

Nikasema basi, nihamishe anwani.
Miaka kumi na moja ya wateja: Koboko, Nebbi, Juba,
yule mtawa wa Moyo anunuaye nta ya mishumaa,
wote ndani ya faili moja
lisilofunguka
ila kwa programu ile ile inayodai kodi.
Hapo nikakaa kimya.
Nyuki wetu. Asali yetu. Nta yetu.
Mzinga ndio wa kukodi.

Onzima fundi hutafuna njugu akifikiri.
Alileta majina matatu kwenye karatasi yenye mafuta.
"Usichanganye," aliniambia. "Bure ni kijiko cha kuonja sokoni.
Huria ni kufunuliwa mzinga, uone masega,
na ukitaka, uuchonge upya."

La kwanza lilikuwa zuri kama harusi,
ila mwongozo wake ulidhani umeme haukatiki.
Tulicheka mpaka njugu zikamwagika.
La pili lilielewana na dirisha letu la zamani
kwa kiunganishi kidogo,
na kiunganishi kinauzwa,
kwa dola.
Nikamrudishia karatasi.
La tatu: kijivu, vitufe tele,
sura ya ofisi ya ardhi siku ya mvua.
Umeme ukaenda saa nane mchana, tukiwa katikati ya barua ya Nebbi.
Uliporudi, kikaamka chenyewe,
barua ipo, hata koma haijapotea.

"Chukueni hicho," akasema Mama Candiru.
"Ila kitufe changu cha Tuma kisihame.
Kidole changu kinakijua hata nikisinzia."
Hatukubishana. Mkono wa miaka kumi na moja una akili zake.
Tukahamia sote, yeye akabaki na dirisha lake,
leseni moja badala ya saba,
likichungulia nyumba mpya.

Wiki ya kwanza, dirisha na nyumba hazikuelewana saa.
Mkutano wetu wa saa tatu asubuhi
kwake uliandikwa saa kumi na mbili.
Akafika na ukungu, mlinzi akampa chai,
akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Tulipoingia, alikuwa amehesabu mitungi yote ghalani
na kukuta kumi na minne imeandikwa mara mbili.
Siku hiyo hakuna aliyemtajia kompyuta.
Onzima akarekebisha mstari mmoja tu:
seva ilidhani inaishi nchi nyingine.

Si bure, nawaambia wanaouliza.
Onzima hulipwa, na Krismasi huongezwa ndoo.
Usiku mwingine nawaza: na akihamia Kampala?
Kwa hiyo nimenakili maelezo yake kwa mkono
katika daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha mgongoni,
kurasa ishirini na tatu, mwandiko wangu mbaya.
Mtawa wa Moyo alikuwamo mara tatu, kwa tahajia tatu.
Nimembakiza mmoja. Adriko nimemfuta,
kisha nikamrudisha kwenye orodha ya salamu za sikukuu.

Diski ya chelezo iko kabatini, katikati ya mapande ya nta.
Kila Ijumaa nikiitoa, inanukia.

Juzi Mama Candiru alisimama nyuma yangu.
"Hicho kijivu chenu, Tuma yake iko wapi?"
Nikamwonyesha.
Akaikazia macho, kidole hewani,
kama mtu anayesikiliza mzinga kabla ya kuufunua,
kisha akaenda kuwasha birika.